Humphrey Bogart na Mto Ruiki: Kongo ya Waswahili katika Historia ya Sinema ya Marekani

1. Utangulizi

Tarehe 20 Machi 1952, mjini Los Angeles, Humphrey Bogart alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa amefanya kazi ya sinema kwa zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ndiyo Oscar pekee aliyopata maishani mwake. Filamu iliyompatia heshima hiyo, The African Queen, ilipigwa picha katika mwaka 1951, na sehemu yake moja muhimu ilipigwa kwenye Mto Ruiki, unaomwaga maji yake katika Lualaba karibu na Ponthierville, mji unaoitwa leo Ubundu.

Kwa msomaji wa Kasongo, Kabambare au Lusangi, jambo hili si la mbali. Lualaba inayopita karibu na Kasongo ndiyo inayoteremka hadi Kindu na kufika Ubundu. Lugha iliyotumiwa kati ya wageni na wenyeji katika eneo hilo la mto, yaani Kiswahili kilichojulikana katika maandishi ya wakoloni kwa jina la Kingwana, ilipelekwa huko na watu waliotoka Maniema ya kusini. Hata hivyo, habari za filamu hiyo zimeandikwa kana kwamba mto ule haukuwa na historia wala wenyewe.

Makala haya yanafuata maisha ya kazi ya Bogart ili kuonyesha nafasi ya Kongo ndani yake. Hoja yake ni kwamba kilele cha kazi hiyo kilisimama juu ya nchi na watu waliotakiwa kuigiza nchi na watu wengine, na ambao hawakuandikwa miongoni mwa waigizaji.

2. Mwigizaji na Afrika ya studio

Bogart alizaliwa mjini New York tarehe 25 Desemba 1899. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye sifa. Baada ya kutumika katika jeshi la majini mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, aliingia katika michezo ya jukwaani ya Broadway, ambako kwa miaka mingi alipewa nafasi ndogo za vijana wa matajiri. Sifa yake ilianza mwaka 1935, alipoigiza mhalifu aitwaye Duke Mantee katika tamthilia ya Robert Sherwood, The Petrified Forest. Mwaka uliofuata tamthilia hiyo iligeuzwa kuwa filamu. Kampuni ya Warner Bros. ilitaka kumpa mtu mwingine nafasi ya Mantee, lakini Leslie Howard, nyota wa mchezo huo, alishikilia kwamba bila Bogart yeye pia hatacheza.

Mlango huo ukawa pia kifungo. Kwa takriban miaka mitano Warner Bros. ilimtumia katika filamu za majambazi, na mara nyingi aliuawa kabla ya hadithi kwisha. Mabadiliko yalikuja mwaka 1941 kwa filamu mbili: High Sierra, ambayo John Huston alishiriki kuiandika, na The Maltese Falcon, filamu ya kwanza kuongozwa na Huston. Tangu hapo kazi za watu hawa wawili ziliambatana. Filamu yao ya mwaka 1948, The Treasure of the Sierra Madre, ilipigwa kwa sehemu kubwa nchini Meksiko, nje ya kuta za studio, na hilo lilikuwa jambo la kuangaliwa katika Hollywood ya wakati ule.

Kabla ya kufika Ruiki, Bogart alikuwa amekwisha kuigiza Afrika mara kadhaa. Casablanca, iliyotoka mwaka 1942, inasimulia habari za mji wa Moroko, lakini Moroko hiyo ilijengwa kwa mbao na rangi huko California. Sahara, ya mwaka 1943, inasimulia vita vya jangwa la Libya, lakini jangwa linaloonekana ni la California, na mwanajeshi wa Kisudani anayeitwa Tambul aliigizwa na Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Afrika ya filamu hizo ilikuwa mapambo yaliyowekwa nyuma ya mwigizaji. Swali ni hili: mapambo hayo yalipoondolewa na mahali pake pakawekwa mto wa kweli, je, nafasi ya Mwafrika ilibadilika?

3. Safari ya Ruiki

The African Queen inatokana na riwaya ya C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mwanamke wa misheni aitwaye Rose Sayer na mwendesha mashua aitwaye Charlie Allnut wanashuka mto wa hatari ili kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Katika riwaya Allnut ni mtu wa London mwenye matamshi ya mitaa ya huko. Bogart hakuyaweza matamshi hayo, basi Allnut akafanywa kuwa Mkanada. Rose aliigizwa na Katharine Hepburn. Huston aliongoza, Sam Spiegel alikuwa mtayarishaji pamoja na kampuni ya Romulus ya Uingereza, na Jack Cardiff alisimamia upigaji wa picha.

Huston alizunguka kwa ndege akitafuta mto wa kufaa, akauchagua Ruiki, ambao maji yake ni meusi kwa sababu ya majani na mizizi inayooza ndani yake. Kambi ilijengwa na wenyeji huko Biondo kwa miti, mianzi na makuti. Ili kuifikia, wageni walikwenda kwanza Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha wakapanda gari moshi la kilomita 125 hadi Ponthierville. Reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko, ni sehemu ya njia ileile iliyoendelea kwa meli hadi Kindu, na kwa reli tena hadi Kongolo, ikipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba mkabala na nchi ya Kasongo.

Kazi ilikuwa ngumu. Kamera ya Technicolor ilikuwa kubwa na nzito. Vyombo vilibebwa juu ya vyelezo, yaani mitumbwi iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao, vikavutwa mtoni kwa mfuatano. Mashua ilizama ikiwa imefungwa ukingoni, ikabidi kuinuliwa kwa nguvu za mikono. Siafu waliivamia kambi. Wengi wa wageni waliugua malaria na kuhara, Hepburn akiwa miongoni mwao. Bogart na Huston hawakuugua, na baadaye Bogart alipenda kusema kwamba aliponea kwa wiski. Kutoka Kongo kundi lilihamia Uganda, kwenye Ziwa Albert na Maporomoko ya Murchison, na kazi ikamalizikia katika studio za London. Hata ile picha maarufu ya Allnut akitoka majini akiwa amejaa ruba ilipigwa ndani ya birika la maji huko Uingereza.

Mashua iliyotumika ilitengenezwa Uingereza mwaka 1912 na ilikuwa imefanya kazi kwenye Ziwa Albert. Jina lake la kwanza lilikuwa Livingstone, na jina hilo ni la mtu aliyekaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu huko Bambarre, yaani Kabambare, mwaka 1870.

4. Lugha ya kambi na majina yaliyokosekana

Kiswahili kilifika sehemu za Ponthierville na Stanleyville kabla ya reli na kabla ya sinema. Kilishuka mto pamoja na wafanyabiashara, askari, wapagazi na wake zao waliotoka Nyangwe na Kasongo, kituo kikuu cha Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1887 alipokubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, Waungwana wa Maniema walikuwa tayari wamekaa huko. Walengola, Wamituku na Wakumu wa eneo hilo walikuwa na lugha zao, lakini katika mambo ya kazi, soko na safari walishika Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Kasongo angefika Biondo mwaka 1951 asingehitaji mkalimani, ilhali Bogart na Huston walimhitaji.

Wenyeji walikata miti, walijenga nyumba, walipiga makasia, walipika, walifua na kuvuta vyombo. Bila wao hakuna hata picha moja ya Ruiki ingalipigwa. Lakini majina ya waigizaji yanayoandikwa mwanzoni mwa filamu yote ni ya watu wa Ulaya na Marekani. Ndani ya hadithi yenyewe Waafrika wanaonekana kama waumini wa misheni ambao kijiji chao kinachomwa na Wajerumani, na kama askari. Kijiji kikisha kuungua, hadithi inawaacha na kuwafuata Wazungu wawili ndani ya mashua. Jibu la swali lililoulizwa hapo juu ni kwamba mto ulikuwa wa kweli, lakini nafasi ya Mwafrika ilibaki ileile ya studio.

Haki inadai kusema kwamba kosa hili halikuanzia Hollywood. Tawasifu ya Tippu Tip, ambayo ni miongoni mwa maandishi makuu ya nathari ya Kiswahili ya zama zake, inataja machifu, matajiri na maofisa kwa majina, lakini wapagazi waliobeba pembe zake wanahesabiwa tu kama idadi. Msomi wa Kiswahili anayeilaumu filamu hana budi kukumbuka kwamba mazoea hayo yamo pia katika maktaba yake mwenyewe.

5. Kongo kuigiza nchi nyingine

Katika filamu, Ruiki si mto wa Kongo. Unaitwa Ulanga, nao umewekwa katika koloni la Wajerumani. Kongo, kama Bogart, ilipewa nafasi ya kuigiza. Jambo hili lina uzito kwa sababu vita vilivyompa Forester hadithi yake vilikuwa pia vita vya Wakongo.

Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kupitia Katanga hadi Ziwa Tanganyika. Zilivutwa juu ya milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba, kisha zikapakiwa kwenye reli iliyokwenda ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile meli kubwa, Graf von Götzen, haikuzamishwa na mashua yoyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwezi Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, ambalo askari wake walikuwa Waafrika, liliingia Tabora. Hesabu inayotajwa sana ya wapagazi wa Kongo waliochukuliwa kwa vita hivyo ni 260,000.

Yote haya yamepunguzwa hadi kuwa mashua moja, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Riwaya na filamu zina ruhusa ya kubuni, na hakuna anayemdai Forester kitabu cha historia. Lakini ubunifu ukijulikana duniani kote na tukio lenyewe lisijulikane, ubunifu hukalia kiti cha historia. Hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapowajibika kusema.

6. Baada ya Ruiki

Kwa Bogart, Allnut mlevi, mchafu na mwenye huruma alivunja ile sura ya mtu mgumu aliyoivaa tangu Mantee. Alimshinda Marlon Brando wa A Streetcar Named Desire. Mwaka 1954 alitoa The Caine Mutiny, iliyomfanya ateuliwe tena kugombea Oscar. Mwaka 1955 aliingia katika televisheni ya NBC na kumwigiza Duke Mantee kwa mara nyingine, katika mchezo uliorushwa moja kwa moja, pamoja na mkewe Lauren Bacall na Henry Fonda. Filamu yake ya mwisho, The Harder They Fall, ilitoka mwaka 1956. Alifariki kwa saratani tarehe 14 Januari 1957.

Kwa Kongo, filamu ilikuwa mwanzo wa mazoea. Mwaka 1958 Stanleyville ilipokea kundi jingine la Hollywood lililokuja kupiga The Nun's Story pamoja na Audrey Hepburn. Wakati huohuo, katika miaka ya 1940 na 1950, sheria ya koloni haikumruhusu Mwafrika kutazama filamu isipokuwa ile iliyopitishwa kwa ajili yake na tume ya udhibiti. Hivyo aliyeijenga kambi ya Biondo aliweza kuifanyia filamu kazi, lakini kuitazama kulihitaji idhini ya mtu mwingine.

7. Hitimisho

The African Queen iliingizwa mwaka 1994 katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani. Mashua yake imehifadhiwa huko Key Largo, Florida, na ilitengenezwa upya mwaka 2012. Mbao na chuma vimepata watunzaji. Watu wa Biondo bado hawajapata.

Kazi inayobaki ni ya vyuo vya Maniema na Kisangani, na Kiswahili ndicho chombo chake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kambi ile alizaliwa mwaka 1931; waliobaki ni wachache sana, na ushahidi mwingi sasa uko kwa watoto na wajukuu. Uliza ya wanafunzi katika Ubundu, katika vituo vya zamani vya reli na katika familia za makarani na mabaharia wa mto, wakiwemo waliotoka Kasongo, ingeweza kuokoa majina, nyimbo za kazi, msamiati wa mtoni na maoni ya wenyeji juu ya wageni wale. Sifa ya Bogart haitapungua kwa hilo. Orodha ya waigizaji ndiyo itakayokamilika.