Ufuatiliaji wa utendaji wa mtandao wakati wa kuhamia IPv6

Ufuatiliaji wa utendaji wa mtandao wakati wa kuhamia IPv6 ni upimaji wa kila mara wa kasi, ucheleweshaji na upotevu wa pakiti katika kipindi ambacho mtandao mmoja unabeba itifaki mbili za intaneti kwa pamoja: toleo la 4 (IPv4) na toleo la 6 (IPv6). Kazi yake kubwa ni kufichua hitilafu za upande mmoja ambazo mtumiaji hazioni kwa sababu upande wa pili unazifunika. Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa kufuata njia ya pakiti inayotoka Kabiria, katika eneo la Riruta, Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi.

Chanzo cha mpito

IPv4, iliyochapishwa Septemba 1981, ina anwani za biti 32, yaani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. IPv6 ilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995 ikiwa na anwani za biti 128, na maelezo yake yakasahihishwa Desemba 1998 na tena Julai 2017. Matoleo haya mawili hayaelewani: kifaa chenye anwani ya toleo la 6 pekee hakiwezi kuzungumza na chenye toleo la 4 bila mkalimani katikati.

Akiba kuu ya anwani za IPv4 iliisha tarehe 3 Februari 2011, mafungu matano ya mwisho yalipogawiwa ofisi za kanda. AFRINIC, ofisi ya Afrika yenye makao yake Mauritius, ilianza kugawa kwa kipimo mwaka 2017, ikabana zaidi Januari 2020. Mkazi wa Kabiria anaweza kuuona uhaba huo sebuleni kwake. Akifungua ukurasa wa ruta na kukuta anwani ya nje iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ajue kwamba mtoa huduma amewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Njia za kuhama

Njia iliyozoeleka ni kuziendesha itifaki zote mbili sambamba. Nyingine ni handaki, ambapo pakiti ya IPv6 hufungwa ndani ya pakiti ya IPv4 ili ivuke sehemu isiyoijua. Ya tatu ni tafsiri: mteja hubaki na IPv6 pekee, na mtambo wa mtoa huduma humtafsiria anapozitembelea tovuti za IPv4 pekee. Kila njia ina mahali pake pa kuharibika, kwa hiyo anayepima hana budi kujua ni ipi inayotumika.

Kinachopimwa

Vipimo vya msingi ni vinne: muda wa pakiti kwenda na kurudi, upotevu wa pakiti, mtetereko wa muda huo, na kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Kila kimoja hupimwa mara mbili kuelekea mashine ileile, mara kwa IPv4 na mara kwa IPv6, kisha tofauti ndiyo inayosomwa. Wastani wa jumla haufai, kwani upande mzima huumeza ulio mgonjwa.

Kipimo cha tano ni ukubwa wa pakiti. Kichwa cha IPv4 huanzia baiti 20, cha IPv6 ni baiti 40. Kwenye waya wa kawaida wa baiti 1,500, ukiondoa pia baiti 20 za kichwa cha TCP, IPv4 hubakiza nafasi ya data ya baiti 1,460 na IPv6 baiti 1,440. Handaki lililo juu ya IPv4 hula baiti 20 zaidi. Katika IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti iliyozidi kipimo. Huitupa na kumtumia mtumaji ujumbe kwamba apunguze. Ukuta wa usalama ukizuia ujumbe huo, mtumaji hubaki gizani. Jaribio la ping linajibiwa vizuri kwa sababu pakiti zake ni ndogo, lakini ukurasa wenye picha unakwama nusu.

Hitilafu inayojificha

Vivinjari vya kisasa hujaribu IPv6 kwanza, na jibu likichelewa hujaribu IPv4 pia. Mwongozo wa mwaka 2017 unapendekeza kusubiri milisekunde 250. Kwa mteja, IPv6 iliyokufa huonekana kama uzito mdogo wa kufungua kurasa: hapigi simu kulalamika, na fundi haandiki lolote kwenye daftari la hitilafu. Ndiyo sababu idadi ya malalamiko haitoshi kuwa kipimo cha mafanikio ya mpito.

Kutoka Kabiria hadi KIXP

Nairobi ina kituo cha kubadilishana data za ndani, KIXP, kinachoendeshwa na TESPOK, chama cha watoa huduma za teknolojia. Kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mdhibiti wa mawasiliano wiki chache baadaye kufuatia lalamiko la Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilivuka bahari kwa setilaiti na kurudi. Ripoti iliyotolewa kwa Internet Society mwaka 2012 ilieleza kwamba kituo kilishusha ucheleweshaji wa ndani kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10.

Mpito unaweza kuirudisha safari ile ya zamani bila mtu kujua. Tuseme mtoa huduma wa Kabiria amepatana na wenzake pale KIXP kwa IPv4, lakini hajafanya hivyo kwa IPv6. Pakiti ya IPv4 kwenda kwenye mashine iliyo katikati ya jiji itafika kwa milisekunde chache. Ya IPv6 itateremka Mombasa, iingie kwenye kebo ya baharini na kugeukia Ulaya ndipo irudi Nairobi. Zote zitafika, na mtambo wa ufuatiliaji utaonyesha taa ya kijani kwa zote mbili.

Hesabu ndogo humfichua msafiri huyo. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za umbali huhitaji angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi. Katikati ya jiji si mbali na Kabiria. Milisekunde 150 mfululizo usiku wa manane, laini ikiwa tupu, zinadokeza kwamba pakiti imetoka nje ya nchi. Amri ya traceroute, ikiendeshwa kwa kila itifaki, huthibitisha kwa kuorodhesha ruta moja baada ya nyingine.

Vifaa

Ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, ingali ya kwanza mkononi mwa fundi. SmokePing huchora ucheleweshaji na upotevu saa baada ya saa. RIPE Atlas, iliyoanza 2010, hutumia vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye nyumba na ofisi za watu wa kujitolea duniani kote, vikapima njia kwa itifaki zote mbili. Kipimo cha upande wa mteja kina uzito wake, maana grafu ya mtoa huduma huishia kwenye mitambo yake, ilhali ruta ya sebuleni yenye programu ya zamani inaweza kuwa ndiyo inayokwamisha.

Upimaji huanza kabla IPv6 haijawashwa, ili pawe na rekodi ya kulinganishia, na hauishi inapowashwa. Kadiri data nyingi zinavyohamia upande mpya, IPv4 nayo hugeuka kuwa njia isiyoangaliwa, na hitilafu zake huanza kujificha nyuma ya IPv6.