Okot p'Bitek: Mshairi Aliyebeba Nyimbo Ugenini

Ndugu mwanafunzi, ukitoka Ngarama ukaelekea Mbarara, unaingia katika mji ambako mmoja wa washairi mashuhuri wa Afrika alisomea ualimu. Jina lake ni Okot p'Bitek. Maisha yake yanajibu swali linalowasumbua vijana wengi huku, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale: je, nikijifunza lugha ya wengi, yanipasa kuiacha lugha ya mama?

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Kiacholi. Kwa hiyo alianza kusoma sanaa nyumbani kabla ya kushika kitabu. Baada ya kusoma Budo, alijiunga na chuo cha ualimu cha serikali Mbarara. Mwaka 1953 riwaya yake *Lak Tar* ilichapishwa kwa Kiacholi. Baadaye alifundisha karibu na Gulu, akaongoza pia kwaya ya shule.

Soka ndiyo iliyomfikisha Uingereza. Alisafiri na timu ya taifa ya Uganda, na wenzake waliporejea, yeye akabaki kusoma ualimu, kisha sheria, na hatimaye elimu ya jamii na tamaduni huko Oxford. Utafiti wake ulihusu nini? Nyimbo za Waacholi na Walango! Alivuka bahari akazichunguza nyimbo za kwao.

Mwaka 1966 utenzi wake *Song of Lawino* ulichapishwa Nairobi. Ndani yake mke anamlalamikia mumewe, Ocol, msomi anayedharau desturi za watu wake. Wakati huo Okot alikuwa akiongoza kituo cha taifa cha utamaduni jijini Kampala. Lakini aliikosoa serikali akiwa safarini Zambia, na wadhifa ukamponyoka. Raia aliyesema alichokiamini akajikuta ugenini.

Hakukaa akijililia. Huko Kisumu, Kenya, aliandaa tamasha la sanaa mwaka 1968, miongoni mwa Wajaluo, ambao lugha yao ina undugu na Kiacholi. Akafundisha pia Chuo Kikuu cha Nairobi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, alirudi nyumbani akafundisha Makerere, hadi alipofariki mwaka 1982.

Sasa zingatia jambo hili. Mwaka 1975 Paul Sozigwa, Mtanzania, aliutafsiri utenzi huo kwa jina *Wimbo wa Lawino*. Hivyo Kiswahili kilipata hazina kwa sababu kuna mtu aliyekataa kukitupa Kiacholi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kiswahili hakikudai uisahau Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali au Kinyankole. Kinakupa njia ya kumpelekea jirani yako yale uliyoyarithi kwa lugha hizo.

Basi, wiki hii mwombe mzee mmoja wa kwenu akuimbie wimbo wa zamani. Uandike kwa lugha yake kwanza, kisha ueleze maana yake kwa Kiswahili fasaha. Okot aliifanya kazi ya namna hiyo Oxford; wewe waweza kuianza Ngarama.