Warithi wa Kiume: Ukoo wa Berkeley na Ardhi Yake

Machi 19, 1470, kabaila kijana, Thomas Talbot, Bwana wa Lisle, alimwandikia jamaa yake William Berkeley barua ya kumtaka watoke wapigane. William alijibu kwa kejeli, akakubali: kesho yake. Wakakutana Nibley Green, kila mmoja na watu wake. Lisle alipigwa mshale usoni, akamaliziwa kwa jambia. Watu wapatao 150 walikufa, na washindi wakaenda kupora nyumba yake ya Wotton. Hakuna mfalme aliyekuwa na jeshi lake pale. Ilikuwa kesi ya mirathi iliyowashinda mawakili.

Ngome ya Berkeley iko Gloucestershire, karibu na mto Severn, kati ya Bristol na mji wa Gloucester. Bondeni ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Juu, kwenye vilima vya Cotswold, ni nchi ya kondoo, na sufu ndiyo iliyokuwa utajiri wa Uingereza enzi hizo. Mwanzilishi wa ukoo, Robert Fitzharding, alikuwa mfanyabiashara wa Bristol. Alimfadhili Henry wa Pili alipokuwa akiugombea ufalme, na mnamo 1153 akapewa ngome hiyo, aliyonyang'anywa Roger wa Berkeley. Ili kinyongo kiishe, watoto wakaozwa kwa kubadilishana: mwana wa Robert akamwoa binti wa Roger, na mwana wa Roger akamwoa binti wa Robert.

Wageni wengi huijua ngome hii kwa sababu ya Edward wa Pili, mfalme aliyeondolewa madarakani, akafungwa hapo na kufariki Septemba 1327. Thomas wa Tatu, bwana wa ngome, alilipwa pauni tano kwa siku kwa ajili ya kumtunza. Aliposhtakiwa bungeni mwaka 1330 alijitetea kwamba siku hizo alikuwa mgonjwa, mahali pengine. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi alilolifanya Thomas huyo ni la mwaka 1349, pale alipoandikisha hati kwamba ngome na ardhi yake zirithiwe na wanaume tu.

Mjukuu wake, Thomas wa Nne, alipenda vitabu. Ndiye aliyemfanya kasisi wake, John Trevisa, aitafsiri historia ya dunia ya Polychronicon kutoka Kilatini hadi Kiingereza, kazi iliyokamilika mwaka 1387. Lakini alipofariki mwaka 1417 aliacha binti mmoja tu, Elizabeth, mke wa kabaila mkubwa wa Warwick. Mume akaikalia ngome. Mpwa wa marehemu kwa kakaye, James, akaja na ile hati ya 1349.

Ugomvi huo ulimla hasa Isabel, mke wa James. Ndiye aliyekwenda London kuhangaikia kesi, na kutoka huko alimwandikia mumewe amtumie fedha, la sivyo angeweka farasi wake rehani na kurudi nyumbani kwa miguu. Mwaka 1452 Margaret, binti wa Elizabeth, alimfunga huko Gloucester, na Isabel akafia kifungoni. William aliyejibu ile barua ya 1470 alikuwa mwanawe. Lisle alikuwa mjukuu wa Margaret.

Baada ya damu yote hiyo, William alifanya jambo la ajabu. Hakuwa na mtoto aliyebaki hai, na ndugu yake Maurice alimkasirisha kwa kumwoa binti wa mfanyabiashara wa Bristol, kana kwamba Robert Fitzharding alikuwa mtu wa kabila jingine! Akamwandikia ardhi mfalme Henry wa Saba na warithi wake wa kiume, huku yeye akipandishwa vyeo hadi kuwa markwisi (marquess), cheo kikubwa cha ukabaila. William akafa mwaka 1492. Maurice akarudi mahakamani, akakomboa vipande vipande alivyoweza, lakini ngome ikabaki mikononi mwa wafalme.

Ikabaki humo hadi 1553. Mwaka huo alifariki Edward wa Sita, mvulana wa miaka 15, mjukuu wa mwisho wa kiume katika mstari wa Henry wa Saba. Waliomfuata kwenye kiti walikuwa dada zake. Kwa kuwa hakubaki mrithi wa kiume wa Henry, ngome ikarudi kwa akina Berkeley. Kesi ile ya 1417 nayo ilifungwa mwaka 1609.