KwaMhlanga na Wandebele Wake

KwaMhlanga, mji ulioko kaskazini-mashariki ya Pretoria, hutajwa kuwa kitovu cha utamaduni wa Wandebele wa Afrika Kusini (si wale wa Mzilikazi, wenye Bulawayo). Sifa hiyo ni ya haki, ila mji haukuipata kwa ukale. Ngome ya Wandzundza, tawi kubwa la Wandebele hao, ilikuwa kwingine, kwenye mapango ya KoNomtjharhelo, ambako Makaburu waliwazingira mpaka mfalme Nyabela akasalimu amri mwaka 1883. Washindi wakagawana ardhi, wenyeji wakatawanywa kwenye mashamba ya Makaburu kutumikishwa miaka mitano. Karibu karne moja baadaye, serikali ya ubaguzi wa rangi ikawatengea "nchi" ya KwaNdebele, ikaipa madaraka ya ndani mwaka 1981. Makao makuu yakawa Siyabuswa, kisha KwaMhlanga. Ajira hazikuwepo, hivyo watu walidamka usiku kuwahi mabasi ya Pretoria.

Yuko atakayesema basi utamaduni wenyewe ulibuniwa na maofisa, hasa akikumbuka kwamba serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwapeleka watalii kwenye vijiji vya Kindebele tangu miaka ya 1950. Hoja ina uzito, lakini inamchanganya mchoraji na dalali. Nakshi za kuta zilishamiri mashambani kabla jina KwaNdebele halijaingia kwenye ramani: mwanamke alikandika ukuta kwa udongo na samadi, akapaka chokaa, masizi na udongo wa rangi, baadaye rangi za dukani, akavuta mistari myeusi iliyonyooka bila rula. Esther Mahlangu, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufunzwa na mama na bibi yake, ndiye aliyelinakshi gari la BMW mwaka 1991, naye hupendelea unyoya wa kuku kuliko brashi. Ufundi huo watu walihamia nao.

Tena "nchi" ile waliikataa. Mwaka 1986, Pretoria ilipotaka kuipa uhuru wa jina tu, vijana, watumishi na ukoo wa kifalme wa Wandzundza waliupinga, wakapambana na Mbokodo, genge la wapambe wa waziri mkuu Simon Skosana, hadi Agosti bunge lake lenyewe likauacha mpango huo. Na wanawake, wenye kuta zilizopendwa na watalii, walikuwa wamenyimwa kura katika uchaguzi wa 1984. Ilibidi mahakama iingilie, mwaka 1988, ndipo wakapiga.