Kabla ya Potifolio Kulikuwa na Matatu

Vijana wengi huniuliza swali moja: nitengeneze vipi potifolio itakayoniletea wateja wa tovuti? Wengi hutarajia niwatajie templeti nzuri. Mimi huwajibu kwa historia, maana mitaani kwetu Eastlands swali hili ni kongwe kuliko intaneti. Nimekulia Umoja, nikasomea sayansi ya kompyuta, na sasa kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha. Kadiri ninavyozidi kuifanya kazi hii ndivyo ninavyoona kwamba jibu lilikuwa likipita mbele yetu barabarani kila siku.

Fundi wa Kamukunji hana CV

Ukitoka Eastlands kwenda katikati ya jiji utapita karibu na Gikomba na Kamukunji. Pale Kamukunji mafundi wa jua kali hugonga mabati mpaka yakawa masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko, karai na toroli. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyolieneza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi hawa, na vibanda vikajengwa.

Serikali ilichelewa kuwaona, lakini wateja walikuwa wamewaona zamani, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nje. Mteja analishika sanduku, anagonga kifuniko, anatazama kufuli inavyoingia, kisha anaanza kuvutana bei. Hakuna anayeomba cheti. Kwa mtu asiye na mjomba ofisini wala barua ya kumtambulisha, hili si jambo dogo. Kazi iliyoonekana ndiyo iliyomtetea.

Potifolio yenye magurudumu

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum za uchukuzi. Magari yakaongezeka, ushindani ukapamba moto, na kadiri miaka ilivyosonga rangi, michoro na muziki vikawa silaha za kugombea abiria. Mchoraji akimaliza gari la Buru Buru, gari hilo lilimtangaza kutwa nzima: asubuhi linapeleka watu mjini, jioni linawarudisha nyumbani. Mwenye gari mwingine akivutiwa, anamuuliza tu makanga: "Hii ilichorwa wapi?"

Tazameni mambo matatu hapo. Kwanza, kazi ilikuwa inatumika kweli. Pili, ilipita pale wateja walipo. Tatu, ilikuwa rahisi kumpata aliyeifanya.

Lakini kulikuwa na udhaifu. Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa: vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, sare za makanga na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Michoro ikapungua sana. Maonyesho ya mchoraji yalikuwa kwenye mali ya mtu mwingine, chini ya sheria ya mtu mwingine, na yalipofutwa hakubaki na kitu. Ilikuwa mpaka mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipounga mkono hadharani sanaa ya matatu, ndipo michoro ikaanza kurudi kwa wingi. Kumbukeni hili, tutalirudia.

Tovuti zisizopita barabarani

Sasa tuingie mtandaoni. Mwaka 2000 ilianzishwa NairoBits, shule iliyoanza kwa ushirikiano na wabunifu kutoka Uholanzi, ikiwafundisha vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kutengeneza tovuti. Fikirieni ujasiri wake: kijana ambaye nyumbani hana laini ya simu anajifunza HTML.

Shida yake ilikuwa kinyume cha ile ya mchoraji. Kazi ilikuwepo, lakini haikupita mbele ya mtu yeyote. Mpaka mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Saiba walilipisha kwa dakika. Hesabu ni rahisi: ukurasa wa kilobaiti 500 kwenye modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ulihitaji zaidi ya dakika moja kufunguka, hata laini ikiwa safi. Na wakati huo fasheni ilikuwa kufungua tovuti kwa michezo ya Flash! Mteja alilipia kusubiri. Ilikuwa afadhali kumpelekea kazi mwenyewe kwenye CD.

Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi, na TEAMS ukafuata mwaka huohuo. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road. Vijana wa teknolojia wakapata mahali pa kukutana na wenye kazi. Lakini Ngong Road iko upande wa pili wa jiji, na kutoka Dandora au Kayole unapanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine. Kuonekana bado kulikuwa na nauli.

Malipo nayo yalikuja kwa awamu. M-Pesa ilianza Machi 2007, ikarahisisha kuchukua malipo ya awali kwa mteja wa hapa. Kwa mteja wa ng'ambo tulingoja zaidi: mwaka 2013 iliwezekana kutoa fedha za PayPal kupitia Equity Bank, na mwaka 2018 moja kwa moja kwenda M-Pesa. Hapo masoko kama Elance na oDesk, yaliyotangaza kuungana mwaka 2013 na kuitwa Upwork tangu 2015, yakawa na maana kwa kijana wa Eastlands.

Jambo jingine lililobadilisha kazi hii ni la mwaka 2011. Google ilileta mpango wa kuzipatia biashara ndogo za Kenya tovuti bila malipo. Ukurasa wenye jina la duka, ramani na nambari ya simu, ambao vijana wengi waliuza, sasa ulipatikana bure. Tangu hapo, kumwonyesha mteja kwamba unaweza kutengeneza ukurasa hakutoshi. Lazima umwonyeshe ukurasa huo umemfanyia nini mwenye duka.

Kazi za wale wa kwanza ziko wapi?

Hapa ndipo hunisikitisha. Ukitaka kuona tovuti za wabunifu wa Nairobi wa miaka ile, nyingi hutazipata. GeoCities, ambako maelfu ya watu duniani waliweka kurasa za bure, ilizimwa na Yahoo Oktoba 2009. Flash ilifikia kikomo mwisho wa mwaka 2020. Machi 2024 Google ilizima tovuti zilizojengwa ndani ya huduma yake ya Business Profile. Wayback Machine imehifadhi baadhi ya kurasa, lakini mara nyingi picha hazipo na viungo vimekatika.

Ni yaleyale ya mstari wa manjano. Ukiweka kazi yako yote kwenye mali ya mwingine, siku akibadili sheria unaanza upya, na kwa mteja mpya wewe ni mtu ambaye hajawahi kufanya kazi.

Basi tufanye nini?

Nunua domeini yako, hata kama tovuti yenyewe ni ya kurasa tatu. Tovuti tuli unaweza kuiweka bure, kwa mfano GitHub Pages, iliyopo tangu 2008. Huduma ikifa unahamisha faili zako, na anwani inabaki ileile. Akaunti za Upwork na Behance ziwe mabango ya kuelekeza watu nyumbani kwako.

Onyesha kazi zinazotumika. Kazi tatu za kweli, za kinyozi, kanisa au duka la dawa, hushinda michoro ishirini ya kampuni za kubuni. Chini ya kila moja andika sentensi chache: mteja alikuwa na shida gani, wewe ulifanya sehemu gani, nini kimebadilika. Omba ruhusa ya kuweka jina lako chini ya ukurasa wa mteja, kama mchoraji anavyoweka lake kwenye gari. Na hifadhi nakala na picha za skrini siku unayokabidhi kazi, usingoje tovuti izimwe.

Ifanye iwe nyepesi pia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kayole, ambaye sasa ni mteja wangu, hakuniuliza natumia lugha gani ya programu. Alifungua kwenye simu yake tovuti niliyomtengenezea jirani yake, akabonyeza nambari ya simu, ikaita. Akasema, "Basi nitengenezee kama hii." Sanduku lilikuwa limegongwa, na kifuniko kikafunga.