Warithi wa Kazi Iliyoachwa

Mwanzoni mwa mwaka 1995, programu ya seva iliyotumiwa kuliko zote katika intaneti ilikuwa ile iliyoandikwa na Rob McCool, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Seva ndiyo inayopokea maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa za tovuti. Programu ile ilitolewa bure, pamoja na maandishi yake ya ndani, hata kila fundi aliweza kuyasoma na kuyarekebisha. Lakini McCool alikuwa ameondoka kituoni katikati ya mwaka 1994, na tangu hapo kazi ikadorora.

Basi watumiaji wake wakabaki kama abiria wa jahazi lisilo nahodha. Kila mmoja alitia viraka vyake mahali palipovuja, wala hakujua kwamba mwenzake wa mbali amekwisha kuziba tundu lile lile. Wangeweza kungoja, au kununua seva za makampuni, ambazo zilikuwa zimeanza kuuzwa. Mwezi wa Februari 1995 watu wanane, wengine Marekani na wengine Uingereza, waliamua kukusanya viraka vyao pamoja. Brian Behlendorf na Cliff Skolnick wakatayarisha njia ya kupelekeana barua kwa kompyuta. Kikundi kikaitwa Apache.

Hawakuwa na mkubwa, wala mshahara, wala ofisi. Kila mtu alikuwa na kazi yake nyingine ya kumlisha. Wangekata shauri namna gani? Walipiga kura kwa barua: aliyekubali aliandika +1, aliyekataa aliandika -1. Badiliko la programu lilihitaji kura tatu za kukubali, na kura moja ya kukataa ilitosha kulizuia. Ila mwenye kukataa alipaswa kueleza sababu. Ukaidi mtupu haukuhesabiwa. Wengine watasema huu ni utaratibu wa kuchelewesha mambo, na huenda ni kweli, lakini kwa watu wasioonana uso kwa uso sioni ambao ungefaa zaidi.

Mwezi wa Aprili walitoa toleo lao la kwanza kwa watu wote, 0.6.2. Watu walilipenda, lakini ndani yake lilikuwa bado ni nguo kuukuu yenye viraka vingi. Ndipo mmoja wao, Robert Thau, alipoleta muundo mpya kabisa, uliowezesha sehemu mpya kuongezwa bila kuvuruga zile za zamani. Kwa maoni yangu huu ndio uliokuwa mtihani mkubwa, kuliko ule wa Februari. Kuokoa cha mwenzio kilichoachwa ni jambo jepesi. Kuacha ulichokishona wewe mwenyewe kwa miezi mitano ni zito. Mwezi wa Julai waliukubali muundo wa Thau, wakahamishia humo yote waliyoyaona yanafaa.

Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 1 Desemba 1995. Kabla ya katikati ya mwaka 1996, hesabu za Netcraft zilionyesha kwamba Apache imeipita ile seva ya Illinois iliyokuwa mama yake. Mwaka 1999 kikundi kikaandikishwa kuwa shirika la sheria, ili mtu mmoja mmoja asije akabeba peke yake mashtaka ya kazi ya wote.