Kisima cha Pili: Tathmini ya Kijiolojia Baada ya Ugunduzi wa Mafuta Baharini

Juni 2007, kisima cha Mahogany-1 kilipokuta mafuta chini ya bahari ya Ghana, taifa zima lilishangilia, na lilikuwa na haki. Hata hivyo, kisima kimoja huthibitisha tu kwamba mafuta yapo. Kama yanatosha kuchimbwa kwa faida, hilo ni swali la visima vinavyofuata, na ndivyo vinavyostahili kupewa uzito mkubwa zaidi katika mjadala wa umma.

Sababu imo ndani ya mwamba. Takriban miaka milioni 90 iliyopita, mikondo ya chini ya maji iliporomosha mchanga kutoka ukingo wa bara hadi kwenye kina kirefu, kisha tope likaufunika. Mafuta ya Ghana hayakunaswa chini ya kuba la miamba. Yalizuiwa pale mchanga unapopungua unene na kwisha ndani ya tope lililogeuka mwamba. Data za mitetemo huonyesha umbo la tabaka kama hilo, lakini haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba mchanga wa huku umeungana na wa kule.

Agosti mwaka huohuo kikachimbwa Hyedua-1, kilomita 5 hivi kusini-magharibi, katika kitalu jirani. Katika visima vya namna hii wataalamu hupima mgandamizo wa mafuta kwenye vina mbalimbali na kuweka vipimo kwenye grafu. Vya visima viwili vikikaa kwenye mstari mmoja, yaelekea mafuta yanawasiliana. Vikipishana, huenda kuna kizuizi kati yao. Hapa vilionyesha mwendelezo. Hatimaye vitalu viwili viliunganishwa kimkataba kuwa eneo moja, Jubilee, na uzalishaji ukaanza mwishoni mwa 2010.

Nadharia hiyohiyo, ya mafuta kunaswa pale mchanga unapokwisha ndani ya tope, ilivushwa Atlantiki, kwa kuwa Afrika na Amerika Kusini ziliwahi kuwa bara moja. Mwaka 2011 kisima cha Zaedyus, nje ya Guyana ya Ufaransa, kilikuta mita 72 za mwamba wenye mafuta. Matumaini yalikuwa makubwa. Visima vya ufuatiliaji vya 2012 na 2013 havikupata hazina ya kibiashara.

Watasema tathmini ni ghali na serikali zina haraka. Ni kweli kisima cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola. Lakini hata Jubilee, iliyotathminiwa, haikufikia kwa wakati lengo lake la mapipa 120,000 kwa siku, kwa sababu baadhi ya visima vilitoa mafuta kidogo kuliko ilivyotarajiwa; sembuse hazina isiyotathminiwa.

Mamlaka zetu za petroli zisitangaze idadi ya mapipa kutokana na kisima kimoja. Zikitangaza makadirio, zitaje pamoja kiwango cha chini, cha juu, na visima vya tathmini vilivyosalia kuchimbwa.